Onyo la Moto na Moyo wa Huruma

Je, mtu anayemwambia mwenzake kwamba anaelekea motoni aweza kusema hivyo kwa wema? Wako wanaojibu upesi kwamba haiwezekani, kwa kuwa tisho ni tisho hata likivishwa joho la dini. Wako pia wanaojibu, upesi vile vile, kwamba hakuna wema upitao huo. Katika makala haya hatukusudii kuamua kama moto wa akhera upo au haupo. Hiyo ni kazi ya mashehe, mapadri na wachungaji. Kusudi letu ni dogo zaidi, nalo ni kuuchungua moyo wa mwonyaji. Tutaifuata historia ya nchi moja, Rwanda, iliyoonywa kwa moto mara nyingi na kwa sauti mbalimbali, na ambayo mwaka 1994 iliuonja moto huo hapa hapa duniani.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kitenzi kuonya kimezaliwa na kuona. Kuonya ni kumfanya mtu aone. Anayeonya hudai kwamba amekwisha kuliona jambo ambalo mwenzake hajaliona. Kutisha ni jambo jingine. Anayetisha hana haja mwenzake aone kitu. Haja yake ni aogope na kutii. Kinyarwanda nacho kina kuburira kwa maana ya kuonya, na gukanga kwa maana ya kutia hofu. Lugha zote mbili, basi, zimeutambua mpaka huo. Walakini katika maisha ya watu maneno haya mawili hukaa nyumba moja na aghalabu huazimana nguo, ndiyo maana yatupasa kuyatazama kwa makini.

Mji wa Kigali uliasisiwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Katika mwaka mmoja, 1913, ulipata nyumba mbili kubwa za ibada: kanisa la Sainte-Famille na msikiti wa Al-Fatah ulioko Nyamirambo. Msikitini habari za akhera zilisomwa kwa Kiarabu na kufafanuliwa kwa Kiswahili, lugha iliyokuja pamoja na askari na wafanyabiashara kutoka pwani na kuweka makao katika mitaa kama Biryogo. Wamisionari wengi wa Katoliki walikitazama Kiswahili kwa jicho la shaka, wakikiona kuwa ni lugha ya Waislamu. Hata hivyo, juu ya moto nyumba hizo mbili hazikugombana. Neno lenyewe lina asili moja: bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, ndilo lililoipa Injili Gehena na Kurani Jahannamu.

Lakini tusidhani kwamba moto uliletwa Rwanda na wageni. Kabla ya msikiti na kanisa, Wanyarwanda wengi walimfuata Ryangombe, shujaa wa masimulizi aliyeuawa na nyati, kwa ibada iitwayo kubandwa. Ilisemwa kwamba aliyebandwa akifa huenda kupumzika pamoja na Ryangombe juu ya mlima Karisimbi, na kwamba asiyebandwa, ambaye aliitwa inzigo, hutupwa katika shimo la Nyiragongo. Nao mlima wa Nyiragongo si wa kubuni. Uko upande wa Kongo, karibu na mji wa Goma, na usiku wekundu wa moto wake huonekana mawinguni. Ulilipuka mwaka 1977, ukalipuka tena mwaka 2002 na mwaka 2021. Mtoto wa zamani aliyeambiwa habari za moto wa inzigo hakuhitaji kuukisia. Alielekezwa kwa kidole.

Je, mzazi aliyemwelekeza mwanawe kidole kule alikuwa mkatili? Tukumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepita njia ile ile ya kubandwa, na kwamba alimshika mwanawe mkono akampeleka kwa wanaojua. Onyo lake lilikuwa na mlango, na mlango huo aliutangulia. Vivyo hivyo, mwezi wa Januari mwaka 2002, uji wa moto ulipoingia katika mitaa ya Goma na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, aliyepiga ukelele wa kuwahimiza jirani zake wakimbie hakuitwa mkorofi. Ukali wa sauti yake ulikuwa sehemu ya wema wake.

Hapa msomaji ana haki ya kutupinga. Atasema: aliyewaonya watu wa Goma hakuuwasha moto ule, wala hakupata faida kwa hofu yao. Mwonyaji wa dini, kwa upande wake, husema kwa jina la yule yule anayeaminiwa kuwa ndiye mwenye moto. Tena mara nyingi hofu ya wasikilizaji humletea sadaka, cheo na utii. Pingamizi hili ni zito, wala hatulipuuzi. Linatufundisha kwamba hatuwezi kuupima wema wa onyo kwa maneno yake peke yake. Hatuna budi kuuliza mwonyaji anapata nini, na yeye mwenyewe amesimama wapi anaposema.

Swali hilo halikuwapita wahenga wa fasihi yetu. Walimu wengi wanaifahamu Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Utenzi huo una habari za kifo, za kaburi, na za moto pamoja na majina yake ya kutisha. Lakini anayeonywa ni nani? Ni moyo wa mshairi mwenyewe. Baada ya kuyatazama majumba ya Pate yaliyobaki magofu, haelekezi kidole kwa jirani. Anaukemea moyo wake, anaubembeleza, kisha anaukemea tena. Onyo la namna hii halimpi mtu mamlaka juu ya mwingine. Msomaji husikia kama mtu aliyepita karibu na dirisha akamsikia mwenzake akijionya, akaondoka akiwa amefikiri.

Masimulizi ya dini nayo yanagusa jambo hilo. Waislamu wamepokea hadithi ambayo Mtume anajifananisha na mtu aliyewasha moto, wadudu wakaanza kujitupa ndani, naye akawa anawazuia. Ndivyo anavyowashika watu viunoni wasianguke. Wakristo nao wanasoma katika Injili ya Luka habari za tajiri aliyekuwa katika mateso, ambaye baada ya kukosa maji aliomba ndugu zake watano walioko duniani waonywe. Katika masimulizi yote mawili, onyo linatoka katika mkono unaoshika au katika moyo unaowakumbuka ndugu.

Sasa turudi Rwanda. Mashariki mwa nchi, kando ya ziwa Muhazi, kuna kituo cha Gahini kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1920. Daktari Joe Church alifika huko wakati wa njaa kuu ya mwaka 1928 na 1929, iliyoitwa Rwakayihura. Mwaka 1929, akiwa amechoka, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Kampala, na urafiki wao ukawa chanzo kimoja cha Uamsho wa Afrika Mashariki. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifanya kazi Gahini mpaka alipofariki mwezi wa Januari mwaka 1936. Wito wake wa Kiganda, Zukuka, yaani Amka, ulienea Uganda nzima. Katika mwaka huo huo watu wa Gahini walilia, wakatetemeka, na wengine wakasimulia ndoto za hukumu. Watu waliwaita Abaka, yaani wanaowaka.

Kama tungewasikia usiku mmoja tu tungesema ni watisha watu. Lakini desturi yao ilikuwa na jambo la pekee. Kabla ya kumwonya mwingine, ndugu wa Uamsho alipaswa kuungama yake mwenyewe hadharani: wizi wake, chuki yake, kiburi chake. Mzungu aliungama mbele ya Mwafrika, jambo lisilo dogo katika enzi ya ukoloni. Hata hivyo tusiwapake rangi nzuri kupita kiasi. Bidii yao iliwachosha wenzao, na mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono nchini Uganda, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mahubiri yao ya alfajiri. Anayependa sana aweza pia kusahau kwamba mwenzake amelala.

Kisha ikaja Kibeho. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema kwamba ametokewa na Bikira Maria katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda. Wenzake wawili, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango, walifuata. Ujumbe wao mkuu ulikuwa toba, tena toba ya haraka wakati muda ungalipo. Katika Agosti 1982 walilia mbele ya umati, wakisimulia mito ya damu na maiti zisizo na wa kuzizika. Kanisa Katoliki liliyathibitisha matokeo ya hao watatu mwaka 2001. Lakini mmoja wao hakuwepo kuisikia habari hiyo: Marie Claire aliuawa mwaka 1994.

Hapa ndipo historia inapotubana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 karibu Wanyarwanda tisa katika kila kumi walikuwa Wakristo. Walikuwa wamesikia habari za moto tangu utotoni. Wengi walionywa juu ya pombe, juu ya uzinzi, juu ya kurudia ibada ya Ryangombe. Lakini chuki dhidi ya Watutsi ilipokuwa ikifundishwa waziwazi, sauti zilizozoea kuonya zilififia. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili mwaka 1994, maelfu waliuawa ndani ya makanisa, kule Ntarama na Nyamata kusini mwa Kigali, na kule Kibeho kwenyewe. Wapo watu wa dini waliosema na wakafa kwa kusema, nasi hatuwasahau. Katika mtaa wa Biryogo Waislamu wengi waliwaficha majirani zao. Lakini kwa jumla, mtu aliyehitaji kuambiwa kwamba anaelekea motoni, yaani yule aliyeshika panga, hakuambiwa.

Basi tunaona kwamba ukatili wa onyo si mmoja. Kuna ukatili wa kutisha pasipo hatari, na kuna ukatili wa kunyamaza palipo na hatari. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mhubiri aliyemkemea mlevi wa kijijini akamstahi mchochezi wa chuki hakukosea kwa ukali wake, bali kwa kuchagua mtu wa kumwonya kwa kutazama usalama wake mwenyewe.

Liko tukio moja la mwaka huo lisilokubali kuwekwa upande wowote kwa urahisi. Katika wilaya ya Ruhango aliishi mjane mzee, Zura Karuhimbi, aliyejulikana kama mganga. Aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Wauaji walipokuja alijipaka majani yanayowasha, akawagusa, akatikisa bangili zake, akawaambia kwamba wakiingia watajiletea ghadhabu ya Nyabingi. Wakaondoka. Baadaye alieleza kwamba nguvu hizo hakuwa nazo, na kwamba yeye alimwamini Mungu tu. Alitunukiwa nishani mwaka 2006, akafariki mwaka 2018.

Tukifuata mpaka tuliouweka mwanzo, Zura alitisha, hakuonya, maana alichowaonyesha hakikuwapo. Hata hivyo ni nani atakayethubutu kusema kwamba hapakuwa na wema? Wema wake ulikuwa kwa waliokuwa nyuma ya mlango. Tena, pengine bila kukusudia, uliwafikia hata waliokuwa mbele ya mlango, kwa kuwa siku ile angalau damu hiyo haikuwa mikononi mwao. Naye, tukiuliza alikuwa amesimama wapi, jibu ni wazi: alisimama kizingitini, mahali ambapo panga lingempata yeye kwanza.

Jibu letu, basi, ni kwamba onyo la moto laweza kutoka katika huruma, na limewahi kutoka humo. Lakini halitoki humo kwa sababu tu mwonyaji amesema hivyo. Alama zake tumeziona. Mwenye kuonya kwa huruma hujihesabu miongoni mwa wanaoonywa, kama mshairi wa Pate na ndugu wa Gahini. Huonyesha mlango na kuutangulia, kama mzazi wa zamani. Hukubali kupata hasara, kama Zura. Tena huwaonya wenye nguvu kabla ya wanyonge. Pasipo alama hizo, hata maneno ya kweli huwa tisho. Yafaa kukumbuka kwamba mwezi wa Novemba mwaka 2016 maaskofu wa Katoliki wa Rwanda waliwaombea msamaha hadharani wana wa Kanisa walioshiriki katika mauaji. Kwa waliofiwa msamaha huo ulikuja baada ya miaka mingi mno, lakini nyani aliyeliona kundule ana haki zaidi ya kumwonya mwenziwe.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Mwalimu wa Kigali atakayezifungua tenzi zetu za kale mbele ya darasa atafika kwenye beti za moto, na mbele yake wataketi wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa walioua. Asiziruke beti hizo, wala asizisome kana kwamba yeye yuko nje yake. Azisome kama zilivyotungwa, yaani kama mtu anayeuonya moyo wake kwanza, kisha awaachie wanafunzi nafasi ya kunyamaza au ya kuuliza.