Fuga za Bach Mikononi mwa Wapiga Fidla

Wasomaji wetu waimbao katika kwaya waijua kazi ya sauti nne: kila moja ina njia yake, na zote hupatana. J. S. Bach wa Ujerumani, aliyefariki mwaka wa 1750, aliziweka sauti hizo zote chini ya vidole vya mtu mmoja. Katika fuga zake za kinanda sauti moja huanza wimbo peke yake, ya pili huufuata, kisha nyingine, nazo hukimbizana hata mwisho. Vitabu vyake viwili, kila kimoja chenye fuga 24, havikupigwa chapa ila mwaka wa 1801; kabla ya hapo vilinakiliwa kwa mkono.

Basi katika mji wa Vienna alikuwako Baron van Swieten, aliyekuwa zamani balozi wa Austria huko Berlin, mpenzi mkubwa wa kazi za Bach na Handel. Mwaka wa 1782 Mozart, kijana wa miaka 26, alikuwa akienda kwake kila Jumapili saa sita mchana. Mchumba wake, Constanze, alipozisikia fuga hizo alizipenda mno, hata akamkemea kwa kuwa yeye mwenyewe haziandiki!

Mozart akachagua fuga tano za kitabu cha pili, akazigawia fidla mbili, viola na selo. Labda mtu atasema, Hiyo ni kunakili tu. Sivyo. Nyuzi za kinanda cha siku zile zilidonolewa, na mlio wake ulififia upesi. Bali upinde waweza kuushika mlio, na sauti iliyojificha katikati ikasikiwa wazi. Tena fuga ya nane ilikuwa na alama sita za kupandisha, mzigo kwa wapiga fidla. Mozart akaishusha nusu hatua, ikabaki alama moja tu, ya kushusha. Wako waonao kwamba kugeuza hivyo ni kumkosea mtungaji. Sisi twaona alifanya vema, maana wimbo ni ule ule. Kilichopotea ni kingine: mpigaji mmoja aliutawala wimbo wote, na sasa watu wanne hawana budi kusikilizana.

Mwaka wa 1783 Mozart aliandika fuga yake mwenyewe kwa piano mbili. Mwaka wa 1788 akaitendea vile vile alivyozitendea za Bach: akawapa wapiga fidla, akatanguliza mbele yake kipande cha polepole.