Mwaka 1910 na Mpaka wa Mpondwe



Askari apangiwaye lindo Mpondwe, karibu na Bwera katika wilaya ya Kasese, huuona Mto Lubiriha mbele yake. Si mto mpana. Upande huu ni Uganda; ng'ambo ni Kasindi, nchini Kongo. Ni nani aliyeamua kwamba nchi yetu iishie hapa? Jibu limo katika mambo ya mwaka 1910.

Mwaka huo dunia ilikuwa na habari nyingi. Tarehe 6 Mei alifariki Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Mwezi huo huo ilionekana ile nyota yenye mkia iitwayo Halley, na watu wa mabara mengi wakaingiwa na hofu. Tarehe 31 Mei makoloni manne ya Afrika Kusini yaliunganishwa kuwa dola moja, ambamo Waafrika walio wengi walinyimwa sauti. Mwezi wa Agosti Japani iliitwaa Korea. Mwezi wa Oktoba Wareno walimwondoa mfalme wao, wakatangaza jamhuri.

Katika vishindo hivyo, habari iliyotuhusu sisi haikupigiwa mbiu. Tarehe 14 Mei 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walitia sahihi mapatano ya mipaka.

Chanzo chake kilikuwa kosa la ramani. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki Kongo, walikubaliana kwamba mpaka ufuate longitudo ya 30 mashariki. Ramani za siku zile ziliuweka mstari huo magharibi ya milima ya Rwenzori. Wapimaji walipofika, walikuta kwamba unapita mashariki ya milima. Kwa hesabu hiyo Bwera, Rwenzori na ziwa la chumvi la Katwe vyote vingekuwa upande wa Kongo, na mahali ulipo mji wa Kasese leo pangekuwa ukingoni kabisa. Waingereza, waliokuwa wamejenga ngome Katwe tangu 1891, hawakukubali. Kwa hiyo Brussels iliacha longitudo, ikachukua kilele cha Margherita, ikashuka na Mto Lubiriha hadi Ziwa Edward.

Katika mazungumzo hayo hakuitwa mzee hata mmoja wa Bakonzo, wala wa Banande wa ng'ambo. Hao ni ndugu wa lugha moja na mila moja. Walilala watu wamoja, wakaamka raia wa madola mawili.

Hata hivyo, mpaka huo ni sheria. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa siku ya uhuru, kwani kuichora upya kungeleta vita visivyokwisha. Na haja ya kuulinda imeandikwa kwa damu. Mwezi wa Novemba 1996 waasi wa ADF walitoka Kongo wakashambulia Mpondwe na Bwera. Mwezi wa Juni 2023 waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Basi askari ana kazi mbili zisizotengana. Amzuie adui asivuke. Lakini asimhesabu adui kila avukaye. Mama mwenye mzigo wa mihogo, aendaye kumzika shangazi yake Kasindi, hakuuchora mstari huu. Mto aliuvuka babu yake kabla ya Brussels kusikika huku. Tena yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwaona wageni wenye silaha wakipita porini. Akitendewa kwa heshima kizuizini, atasema. Akinyanyaswa, atanyamaza, na ukimya wake utakuwa njia ya adui.

Wino wa 1910 ulichora mpaka bila kuwauliza wenyeji. Ulinzi wa leo hauwezi kufanikiwa bila wao.