Lenzi pana na kuta za kale: kutoka Wetzlar hadi Lamu

Mwaka 1858 kijana mmoja wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alipewa kazi ya kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Alikuwa na umri wa miaka 24. Kupima jengo la kale enzi hizo kulimaanisha kupanda: mtu anakwea hadi kwenye madirisha ya mnara akiwa na utepe mkononi, anasoma vipimo, anaandika, anahamia dirisha la pili. Katika kuhama huko nusura Meydenbauer aporomoke hadi chini. Aliponea chupuchupu, na tangu hapo hakuacha kujiuliza: kwa nini mtu ahatarishe maisha kupima ukuta, ilhali anaweza kuupiga picha akiwa chini, kisha akaipima picha mezani?

Wazo lilikuwa zuri, lakini vifaa havikuwapo. Picha ya kupimia lazima imeze ukuta mzima, na kanisa la kale mjini huwa limebanwa na nyumba pande zote. Mpiga picha akirudi nyuma hatua chache anagota ukuta wa jirani. Lenzi nyingi za wakati ule zilifaa sura za watu na vitu vya mbali. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1865, kiwanda cha Emil Busch cha mji wa Rathenow kilipotoa lenzi iliyoitwa Pantoskop, yenye kuona pembe ya nyuzi 90 hivi. Miaka miwili baadaye Meydenbauer alikuwa ameshaifunga kwenye kamera aliyoibuni mwenyewe. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ikamfungulia taasisi mjini Berlin, kazi yake ikiwa moja tu: kuhifadhi majengo ya kale kwa picha za vipimo, kwenye mabamba makubwa ya kioo. Vita Kuu ya Pili ilipoiacha Berlin magofu, picha hizo zilikuwa miongoni mwa ramani walizozitegemea mafundi wa kurejesha majengo.

Wengi wetu tukisikia lenzi pana huwaza mlima, bahari na anga. Mimi naona deni lake kubwa liko kwa majengo ya kale. Ni majengo yaliyobanana, yasiyompa mpiga picha pa kusimama, ndiyo yaliyowasumbua watengenezaji wa lenzi kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Hata kabla ya Meydenbauer shida hiyo ilikuwa imewafika Wafaransa. Mwaka 1851 tume ya serikali yao ya majengo ya kihistoria iliwatuma wapiga picha watano mikoani kupiga makanisa, madaraja na ngome zilizohitaji ukarabati: Édouard Baldus, Hippolyte Bayard, Gustave Le Gray, Henri Le Secq na Auguste Mestral. Baldus alifika Arles, kwenye ua wa ndani wa kanisa la Saint-Trophime, mahali penye nguzo na matao yaliyojipanga katika ujia mwembamba. Lenzi yake haikuweza kuuchukua ujia huo kwa mkupuo mmoja. Alichofanya ni kupiga vipande vipande, kisha akaviunga kwa mkono negativu zipatazo kumi, akifuta viungo hadi jicho lisivitambue. Leo simu hufanya kazi ya namna hiyo kwa sekunde chache, nasi hatuishangai hata kidogo. Nadhani Baldus anastahili kushangaliwa.

Kilele cha uthubutu kilifika mwaka 1900, pale kampuni ya Goerz ya Berlin ilipotoa lenzi ya Hypergon. Ilikuwa na vioo viwili tu, vyembamba, vilivyopinda kiasi kwamba vikikabiliana vilifanana na gololi. Pembe yake ilipita nyuzi 130, karibu kila kilichokuwa mbele ya kamera. Hapo ndipo tatizo la mwanga lilipojitokeza. Mwanga unaoingia kwenye lenzi kwa mshazari hupungua kwa kasi: katika lenzi ya kawaida ya nyuzi 90, pembezoni hufika robo tu ya mwanga unaopiga katikati, na kwa pembe ya Hypergon kilichofika kwenye kingo hakikuzidi sana sehemu moja kati ya thelathini.

Suluhisho lao lilikuwa la kimakanika kabisa. Mbele ya lenzi walitundika pangaboi dogo la bati, lenye umbo la nyota. Mpiga picha aliminya puto la mpira, hewa ikapita kwenye mrija na kulizungusha pangaboi lile, nalo likazuia sehemu kubwa ya mwanga wa katikati wakati kingo zikiendelea kunywa mwanga. Muda mrefu ukipita hivyo, alilishusha pangaboi kando na kuiachia lenzi wazi kwa kitambo kifupi ili katikati nako kupate haki yake. Kosa la sekunde chache liliacha doa jeusi katikati ya picha. Lenzi hii ilikuwa ya watu wenye subira, na wapiga picha wa majengo waliipenda.

Paris ilikuwa na Eugène Atget, aliyefariki mwaka 1927 baada ya miongo mitatu ya kupiga picha mitaa na nyumba za kale zilizokuwa zikibomolewa. Alitembea na kamera ya mbao, stendi ya miguu mitatu na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24. Ukizitazama picha zake kwa makini utaona nyingi zina weusi wa mviringo kwenye kona mbili za juu. Sababu yake inamhusu kila anayepiga picha majengo. Ukiielekeza kamera juu ili upate paa, kuta huinamiana, jengo linaonekana linakwenda chali. Kamera za mbao ziliepuka hilo kwa kuacha mwili wa kamera wima na kuiinua lenzi peke yake kwenye reli. Atget aliiinua hadi ikapitiliza mpaka wake, kona zikakosa mwanga, lakini kuta zake zilisimama kama zilivyojengwa kwa timazi. Kati ya kona nyeusi na ukuta uliopinda, alichagua kona nyeusi. Nakubaliana naye.

Kamera ndogo za filamu ya milimita 35 zilipoenea, uhuru huo ulipotea. Hazikuwa na reli ya kuinua lenzi. Kisha zikaja zile zenye kioo cha kuakisi ndani, kinachomwonyesha mpiga picha kile ambacho lenzi inakiona. Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, kwa hiyo lenzi ililazimika kukaa mbali na filamu: milimita 44 kwa kamera za Canon, 46.5 kwa za Nikon. Lenzi pana kwa asili yake hutaka kukaa karibu. Mwaka 1950 Pierre Angénieux wa Ufaransa alitoa lenzi iliyoligeuza umbo hilo, kioo kikubwa cha kutawanya mwanga kikitangulia mbele. Kazi ikawezekana, ila kwa gharama: lenzi zikanenepa, na nyingi zikawa na ila ya kuvimbisha mistari iliyonyooka. Nikon walirudisha uhuru wa kusogeza lenzi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa lenzi yao ya milimita 35. Canon walikwenda mbali zaidi mwaka 2009 na lenzi ya milimita 17 inayosogea na kuinama, yenye gramu 820. Ni lenzi nzuri mno, na bei yake iliiweka mbali na mikono ya watu wengi.

Lakini mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka 2008 Panasonic walitoa kamera ya Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kile kioo cha kuakisi. Kioo kilipoondoka, lenzi ikasogea hadi milimita 20 hivi kutoka kwenye kihisi, kile kinachopokea picha badala ya filamu. Mwaka uliofuata ikaja lenzi ya milimita 7 hadi 14 yenye kuona nyuzi 114, na uzito wake ni gramu 300. Mwaka 2010 Olympus wakatoa ya milimita 9 hadi 18 inayojikunja mfukoni, gramu 155. Sehemu ya kazi ya kunyoosha mistari ilihamishwa kutoka kwenye vioo vya lenzi kwenda kwenye programu iliyo ndani ya kamera.

Haikuwa neema tupu. Watu walipochukua lenzi pana za zamani na kuzifunga kwenye kamera hizi kwa adapta, kingo za picha ziligeuka zambarau, kwa sababu kihisi hakipendi mwanga wa mshazari kama filamu ilivyouvumilia. Lenzi maarufu ya Voigtländer ya milimita 15, iliyotoka mwaka 1999 kwa ajili ya filamu, ilibidi iundwe upya mwaka 2015 ili ipatane na vihisi.

Sasa ingia katika nyumba ya mawe ya Lamu. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo huvuka chini kidogo ya mita tatu. Ukuta wa ndani kabisa ndio wenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zilizochongwa katika chokaa. Mpiga picha akiegemea ukuta wa pili, tuseme umbali wa mita 2.8, lenzi ya milimita 14 kwenye kamera ya aina ya Lumix itampa upana wa mita tatu na nusu. Atapata kipande. Akiweka ya milimita 7 atapata karibu mita saba, zidaka zote na boriti juu yake, akiwa ameishika kamera sawasawa bila kuiinamisha. Kamera hizi huonyesha pimamaji kwenye skrini, kwa hiyo kuinyoosha ni kazi ya sekunde mbili. Sakafu ikizidi chini, hukatwa baadaye.

Zanzibar nako jiometri ya mji imeamua mengi. Studio za akina Gomes na Coutinho zilipiga picha mji huo tangu karne ya 19, na upande wa bahari ndiko kulikokuwa na uwazi wa kurudi nyuma. Ndiyo maana tunalijua vyema umbo la Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, na mnara wa taa uliokuwa mbele yake kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Kwenye vichochoro vya nyuma mambo yalikuwa magumu zaidi kwa kamera ya sanduku. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jengo la namna hiyo walau lina picha za kurejelea. Nyumba nyingi za vichochoroni hazina.

Nina neno moja kuhusu matumizi mabaya ya lenzi hizi. Lenzi pana ikisogezwa karibu na kona hukifanya chumba cha mita tatu kionekane ukumbi, na matangazo mengi ya nyumba za wageni yanaishi kwa ujanja huo. Kwa jengo la kale huo ni upotoshaji. Msingi wa Meydenbauer, kwamba picha iweze kupimwa, ungali hai: mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umezipima kwa picha na miale ya leza kuta za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara.

Wewe msomaji mwenye kamera ndogo na lenzi pana huna leza, na huihitaji ili uanze. Ukipita Mombasa, Bagamoyo au Lamu, omba ruhusa kwa wenyeji, simama wima mbele ya ukuta, weka rula ya mita pembeni, na upige pande zote nne, pamoja na upande wa jikoni usiopendwa na watalii. Andika tarehe, mtaa na jina la nyumba. Kisha peleka nakala kwenye makumbusho ya karibu, au kama uko Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani.