Njia ya Lualaba Hadi Uswahilini

Makonda wa daladala wanaopita Sinza hutangaza "Kwa Remmy" kutwa kucha, na vijana wengi hushuka pale bila kujua Remmy alikuwa nani. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mji wa bandari ulio kwenye Mto Lualaba, ule ule ambao ukishuka kaskazini na kukata kona kuelekea magharibi huitwa Kongo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila, na akaishi nasi hadi alipofariki Desemba 2010. Wengi humkumbuka kama mgeni aliyelowea. Mimi nashikilia kwamba alipita njia ambayo watu wetu walikuwa wameikanyaga kwa zaidi ya miaka mia moja, kwenda na kurudi, na kwamba historia ya Uswahilini haikamiliki bila mto ule.

Nimezaliwa Mwananyamala katika ukoo unaojiita Wamanyema, watu wenye asili ya upande ule wa Lualaba. Babu alisali Msikiti wa Manyema, Kariakoo, na baada ya swala wazee walikaa wakitaja walikotoka kama mtu anayehesabu vituo vya gari moshi: Kasongo, Ujiji, Tabora, Dar es Salaam. Shuleni nilifundishwa mto huo kuwa ni habari ya mpelelezi Stanley na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Aliyepiga kasia hakutajwa.

Wafanyabiashara wa pwani walifika Lualaba miaka ya 1860 wakitafuta pembe za ndovu. Waliweka kituo Nyangwe, ukingo wa kulia wa mto, wakapanda mpunga, wakajenga nyumba zenye baraza. Nyangwe palikuwa na soko kubwa, na soko hilo lilikuwa la wanawake. Walivuka kwa mitumbwi kutoka ng'ambo na samaki, mihogo, vyungu, kuku, chumvi na mafuta ya mawese, wakapatana bei kwa kelele na vicheko, wakarudi makwao jua likipinda.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara ya pwani waliingia sokoni na bunduki wakafyatua risasi katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwini, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakajitosa majini. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Mmisionari Livingstone alikuwepo, akaona kwa macho yake, akaondoka kurudi Ujiji moyo umemvunjika. Waliofanya unyama ule walikuwa katika misafara iliyotoka kwetu, iliyotumia lugha yetu. Sisi tunaojivunia kwamba Kiswahili kinasemwa hadi Kisangani tuna wajibu wa kusema pia kilifikaje. Kilifika na biashara na dini na mpunga, na kilifika na minyororo. Katika ukoo kama wangu, mtu hawezi kuapa kwamba wazee wake walikuwa upande mmoja tu wa mnyororo ule.

Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 300, wengi wao Waungwana wa Unguja na Mrima. Mashua yake, Lady Alice, ilifunguliwa vipande vipande na kubebwa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1876 walifika Nyangwe, na mfanyabiashara wa pwani Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliwasindikiza kwa sehemu ya safari kupitia msitu ambao jua halikufika chini, kisha akageuka. Waliobaki waliteremka na mto hadi Boma, karibu na bahari ya magharibi, Agosti 1877. Mshika usukani wa Lady Alice alikuwa Uledi, mtu wa kwetu, na mara nyingi ndiye aliyejitosa majini kuwaokoa wenzake kwenye maporomoko. Kati ya walioanza safari, hata nusu yao hawakufika.

Maporomoko yaliyo kati ya Ubundu na Kisangani ni saba, na wenyeji wake ni Wagenia. Uvuvi wao haujapata mfano. Huchimbia magogo marefu kwenye mashimo ya miamba katikati ya maji yanayounguruma, wakayafunga kwa kamba za msituni yakawa kama chaga kubwa juu ya mto. Kwenye chaga hizo huning'iniza migono mikubwa yenye mdomo mpana, mkia umechongoka. Maji yenyewe humsukuma samaki ndani, na kwa nguvu yake samaki hawezi kugeuka. Mvuvi hupanda juu ya magogo yaliyolowa, akavuta mgono kwa kamba, akautazama, akaurudisha. Gogo likichukuliwa na maji hutafutwa jingine msituni, na mtoto hujifunza kupanda akimtazama baba yake.

Utawala wa watu wa pwani ulikuwa mfupi. Mwaka 1887 Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa maporomoko hayo kwa niaba ya Leopold. Vita kati ya majeshi ya Leopold na watu wa pwani vilipozuka mwaka 1892, yeye alikuwa amesharudi Unguja, na mwaka 1893 Nyangwe na Kasongo zikatekwa. Tangu siku za misafara, watu wa Manyema walikuwa wakija mashariki, wengine wapagazi, wengine mateka, na vita viliongeza waliokimbia.

Kisha ikaja reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na hapa Dar, yaliyokuja kuitwa Belbase. Babu alikuwa kuli bandarini, na alijua njia ya mzigo kwa moyo ingawa hakuwahi kuisafiri. Gunia likitoka Dar lilipanda treni hadi Kigoma, likavuka ziwa kwa meli hadi Albertville, siku hizi Kalemie, likapanda treni tena hadi Kabalo. Hapo mto ukalipokea hadi Kongolo. Chini ya Kongolo maji hayapitiki, kwa hiyo treni hadi Kindu. Kindu meli hadi Ubundu. Ubundu treni kuyakwepa maporomoko. Na Kisangani meli ya kuteremka hadi Kinshasa. Kila mahali mto ulipokataa, reli ilishika, na kila kituo palikuwa na migongo ya watu kama yeye.

Hiyo meli ya mwisho nimesimuliwa na mzee mmoja wa Kisangani, fundi cherehani, jirani yangu Kinondoni. Meli ilisukuma matishali yaliyofungwa pamoja, na juu yake palikuwa na vinyozi, mama wapishi, wauza dawa na wachungaji. Mitumbwi ilitoka kwenye kingo za msitu ikipiga makasia kuikimbilia, ikajishikiza ubavuni ikiwa bado inakwenda, ikauza samaki wa kukaushwa, mihogo ya kupikwa, nyani na mamba hai waliofungwa midomo, ikanunua sabuni, chumvi na betri. "Batu banazaliwa mule, batu banakufa mule," aliniambia, akimaanisha safari za majuma kadhaa.

Leo malori yanayokwenda Lubumbashi yamepanga foleni Kurasini, na vijana wa Temeke wanajua zaidi nauli ya Tunduma kuliko wanavyojua jina la Nyangwe. Biashara hiyo ni njema na inawalisha wengi. Lakini wazee wanaoweza kutaja Kasongo na Ujiji kwa mpangilio wanapungua kila mwaka, na orodha zao hazijaandikwa popote. Mwenye babu au bibi Mmanyema, iwe Magomeni, Buguruni au Tandika, amwulize sasa: walipita wapi, walibeba nini, nani aliwabeba kwa nguvu. Aandike yote, ya fahari na ya aibu, kwa sababu wale wanawake wa soko la Nyangwe nao ni wazee wetu.