Lushoto: Mlima Ulionyang'anywa Nyika

Ukisimama Irente, karibu na mji wa Lushoto, ukungu unapopanda, nyika yote ya Mazinde imelala chini yako. Wageni hupiga picha hapo. Msambaa wa zamani alitazama kulekule akaona shamba lake la pili.

Vijiji vingi vya Usambara vilijengwa karibu na ukingo wa milima, tena makusudi. Juu kwenye baridi kulikuwa na migomba; chini kwenye joto watu walilima nafaka. Huku kukikosa, kule kunaokoa. Naamini hiyo ndiyo iliyokuwa akiba kubwa ya watu hawa, kuliko hata ng'ombe.

Wajerumani walipokuja, mji wa Lushoto wakauita Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao. Masetla walichukua ardhi, misitu ikawekewa mipaka, na reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, mkonge ulizidi kutanda huko chini. Mwaka 1907 kikaja kipande: mwanamume amfanyie Mzungu kazi siku 30 kila miezi 4. Mwenye mashamba mawili akabakiwa na mteremko, na siku za kuulima zikapungua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliona udongo unaporomoka wakaamuru matuta, wakianzia Mlalo. Udongo uliporomoka kweli. Kilichowabana watu mlimani, yaani ardhi iliyochukuliwa, hakikuguswa. Wenye kushika jembe kwa wingi walikuwa wanawake, nao waliambiwa wapige matuta juu ya kazi zote walizokuwa nazo, katika vishamba visivyotosha chakula. Wasambaa husema kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa wengi matuta yalikuwa kuiharibu, wakayagomea hadi amri ikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Leo shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu. Kinacholeta fedha ni mboga. Pale Soni mama anashona gunia la kabichi kwa kamba, limefungwa lumbesa, kilemba cha kabichi kimevimba kupita mdomo wa gunia. Dalali analipa bei ya gunia moja. Mama hana pa kulirudisha, kabichi haingoji.

Kijana wake amekwishapanda basi la Mombo. Anateremka kona baada ya kona hadi kwenye joto la nyika, kutafuta kibarua.