Mwanga wa buluu wa Copenhagen: miaka 130 ya taa inayotibu ngozi

Novemba 2025 ilitimia miaka 130 tangu Niels Mogensen, mhandisi wa umeme wa Copenhagen, aketi mbele ya taa kali na kuelekezewa mwanga wake usoni ili atibiwe ugonjwa uliokuwa umewashinda madaktari kwa miaka. Kumbukumbu hiyo ilipita kimya hapa kwetu. Naona ni haki itajwe, kwa sababu barakoa za taa za LED zinazouzwa siku hizi mitandaoni na kwenye saluni za Dar es Salaam na Nairobi, kwa ahadi ya kuondoa chunusi, makunyanzi na madoa, ni wajukuu wa taa ile. Wauzaji huzitangaza kana kwamba zimezuka jana.

Mogensen alikuwa na kifua kikuu cha ngozi. Madaktari wa Ulaya waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mbwamwitu, kwa jinsi ulivyotafuna pua, midomo na mashavu. Ulikatwa kwa kisu, ukachomwa kwa moto na kwa tindikali, na bado ulirudi.

Aliyemweka mbele ya taa alikuwa daktari mgonjwa kuliko yeye. Niels Ryberg Finsen alizaliwa Tórshavn, katika Visiwa vya Faroe, tarehe 15 Desemba 1860, katika ukoo wenye asili ya Iceland. Alihitimu udaktari mwaka 1890 huku moyo na ini vikiwa vimeanza kumwangusha na tumbo likimjaa maji mara kwa mara. Chumba alichoishi kilielekea kaskazini na hakikupata jua. Kila alipotoka kwenda kuliota alijisikia nafuu. Siku moja aliona paka juu ya paa: kivuli kilipomfikia alihama kulifuata jua, kikamfikia tena, akahama tena. Finsen alijiuliza mnyama yule anapata nini pale. Mwaka 1893 alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mwanga mwekundu, jambo lililovuma kisha likaachwa. Kilichobaki ni kifua kikuu cha ngozi.

Jaribio lake ninalolipenda zaidi lilifanyika kwenye sikio la mkewe, Ingeborg. Finsen aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya ndewe ya sikio na kuelekeza mwanga mbele yake. Karatasi haikubadilika. Akaibana ndewe kati ya vipande viwili vya kioo hadi damu ikatoka na nyama ikawa nyeupe. Safari hii karatasi iliingia weusi mara moja. Akajua kwamba damu ndiyo inayozuia mwanga kuzama mwilini.

Tiba yake yote ilisimama juu ya sikio hilo. Muuguzi aligandamiza kwenye kidonda kioo cha kwatzi kilichopitishiwa maji baridi ndani yake, damu ikae kando na ngozi isiungue, na kushikilia hivyo kwa saa nzima au zaidi. Kila kikao kilitibu sehemu ndogo ya ukubwa wa sarafu. Kesho yake walihamia sehemu ya pembeni. Taa moja iliwahudumia wagonjwa wanne kwa pamoja, kila mmoja na muuguzi wake, na wapo waliotibiwa hivyo kwa miezi mingi. Sanamu ya kumkumbuka Finsen ipo Copenhagen mpaka leo. Mimi ningependa kuona na ya wale wauguzi, maana bila mikono yao taa ile ingeunguza tu.

Taasisi yake ilifunguliwa mwaka 1896. Kufikia 1901 wagonjwa 804 walikuwa wametibiwa, na asilimia 83 wakahesabiwa kuwa wamepona. Mwaka 1900 Alexandra, binti wa Denmark aliyeolewa Uingereza na baadaye akawa malkia, alisaidia taa hiyo ifike Hospitali ya London. Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuweza kusafiri kuipokea; wakati huo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 24 Septemba 1904, akiwa na miaka 43.

Ubishi ulikuja karne moja baadaye. Finsen aliamini kwamba miale ya urujuanimno ndiyo iliyoua vimelea, na vitabu vikarudia hivyo miaka yote. Mwaka 2005 watafiti wa Copenhagen walizipima upya lenzi za taa zake. Vioo vilikuwa vimeimeza karibu miale yote iliyo chini ya nanomita 340, ile yenye makali ya kuua vijidudu. Iliyopita ilikuwa miale mirefu zaidi, ukiwemo mwanga wa buluu. Maelezo yao ni kwamba kimelea cha kifua kikuu hujitengenezea chembe ziitwazo porfirini. Mwanga huo ukizigusa, huzalisha oksijeni kali inayokiua kimelea chenyewe kutoka ndani. Na kumbe alipotumia jua badala ya taa, Finsen alitumia lenzi ya kioo iliyojazwa maji ya mrututu na amonia, maji ya buluu iliyoiva. Dawa ilikuwa mkononi mwake, jina lake tu ndilo alilokosea. Sioni aibu katika hilo. Waliopona walipona.

Dawa za kuua vimelea, kuanzia streptomycin ya miaka ya 1940, ziliziweka taa za Finsen stoo. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak akatoa LED nyekundu. Ya buluu yenye nguvu ilisubiri Wajapani hadi miaka ya 1990. Bakteria wa chunusi naye hutengeneza porfirini, na mwaka 2000 utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 107 ulionyesha kwamba taa za mirija za buluu ya nanomita 415 pamoja na nyekundu ya 660, zikitumiwa kila siku kwa wiki 12, zilipunguza chunusi zilizovimba kwa wastani wa asilimia 76. LED zilichukua nafasi ya mirija hiyo, na barakoa zikafuata.

Hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa waliimulika buluu hiyohiyo ya 415, kwa dozi kubwa, kwenye ngozi za watu wa rangi ya kati, ikaacha weusi uliodumu kwa miezi. Mwanga mwekundu haukuacha alama. Ngozi nyeusi kama zetu haikuwemo kwenye jaribio lile. Msichana wa Kinondoni ananunua barakoa ya buluu ili afute madoa ya chunusi, na huenda anayakoleza. Muuzaji hamwambii, na sidhani kama naye ameambiwa.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na ndiko inakotengenezwa krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Wagonjwa wa chunusi wamejaa kwenye foleni zake, wa kila rangi tuliyo nayo. Taa ya kufanyia jaribio kwenye ngozi zetu haina bei ya kutisha. Kinachohitajika ni bajeti ya utafiti wa wiki 12.