Gome la Muiri: Kile Ambacho Sayansi Imethibitisha, na Kile Ambacho Haijakigusa

Katika misitu ya milimani ya Afrika, tangu Mlima Kenya na Kilimanjaro hadi Mlima Kameruni, kisiwa cha Bioko, Madagaska na safu ya Drakensberg, huota mti mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Wakikuyu huuita muiri, Wakalenjin tendwet. Wanabotania waliuandika kwanza mwaka 1864 kwa jina la Pygeum africanum, na mwaka 1965 wakauhamishia jenasi ya Prunus, zilimo plamu, pichi na lozi. Tangu hapo unaitwa Prunus africana. Gome lake linauzwa Ulaya na Marekani kama dawa ya tezi dume, na mara nyingi mti huu hutolewa mfano wa namna sayansi ilivyothibitisha hekima ya wahenga. Kauli hiyo inatupa fahari, lakini haiendani na ushahidi. Maabara ilijibu swali lake yenyewe, na maswali ya wahenga bado yanangoja.

Tuanze na matumizi ya jadi kama yalivyoandikwa. Profesa John Kokwaro, katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ameeleza jinsi gome linavyotwangwa na kutiwa maji, na yale maji mekundu kunywewa kutuliza maumivu ya tumbo. Wafugaji nao waliwanywesha ng'ombe ili waharishe. Kwa Wazulu, gome lilitajwa kuwa dawa ya maumivu ya mbavuni. Kwingineko, Kameruni ikiwemo, limetumika kwa homa na maradhi ya kifua. Shida ya mkojo kwa wazee wa kiume inatajwa pia katika masimulizi ya kusini mwa Afrika, lakini ni tawi moja tu la matumizi mengi. Aliyeuita muiri mti wa dawa alikuwa na tumbo, homa na kifua akilini mwake kuliko tezi dume.

Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alisajili hataza ya dawa ya uvimbe wa tezi dume iliyotokana na gome hili, na kampuni yake ikaitengeneza viwandani. Hapo njia mbili zikaachana. Mganga hutwanga gome na kulitia maji au kulichemsha. Kiwanda hutumia kimumunyisho kinachotoa viambato vinavyoyeyuka katika mafuta: sterol za mimea, triterpeni na esta za asidi ya feruliki. Viambato hivyo havitoki vyema kwenye maji. Kwa hiyo kidonge cha Paris na kikombe cha mganga vina asili moja lakini havina kitu kimoja ndani yake. Kuthibitika kwa kimoja hakuwezi kuhesabiwa kuwa kuthibitika kwa kingine.

Na kidonge chenyewe kimethibitika kiasi gani? Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliomeza dawa walikuwa na uwezekano mara mbili na zaidi wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kwenda haja kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kibofuni kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Matokeo haya si haba. Lakini waandishi wa mapitio hayo walionya kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo, marefu zaidi yalidumu siku 122 tu, na vipimo vyake havikulingana. Uvimbe wa tezi dume ni ugonjwa wa miaka. Jaribio la miezi minne haliwezi kutuambia kama dawa inazuia mkojo kuziba au inamwepusha mgonjwa na upasuaji.

Wapo watakaosema kuwa hoja hii inawapa nguvu wanaodharau tiba asili. Sivyo. Dawa ambayo haijapimwa haijashindwa, haijapimwa tu. Gome hili halijafanyiwa kwa homa au tumbo utafiti unaokaribia ule wa tezi dume, kwa sababu soko la wazee wa Ulaya lilikuwa na fedha na wagonjwa wa vijiji vya milimani hawakuwa nazo. Wengine watasema miaka mingi ya matumizi ni ushahidi tosha. Miaka inaweza kutuonyesha kwamba dawa haiui watu upesi, na hilo lina thamani, lakini haitenganishi nafuu iliyoletwa na dawa na nafuu ambayo mwili ungejiletea wenyewe.

Gharama ya swali hilo moja la tezi dume imelipwa na mti. Mtaalamu anayevuna vizuri hubandua robo mbili za gome zinazotazamana, ili shina libaki na njia ya kupitisha chakula na gome liote tena. Kameruni, kabla ya 1985, kazi hiyo ilikuwa ya kampuni moja. Leseni zilipogawiwa wafanyabiashara wengi, miti ilibanduliwa gome lote kuzunguka shina au kukatwa kabisa, ikafa. Tangu 1995 biashara ya muiri inasimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Baadhi ya watu hutaka uvunaji upigwe marufuku moja kwa moja. Lakini marufuku bila mbadala huwaachia wafanya magendo msitu na kumnyima mkulima sababu ya kupanda. Muiri hupandika shambani kando ya kahawa, na gome la shambani huupunguzia msitu mzigo.

Basi vyuo vyetu na taasisi zetu za utafiti wa dawa zipime kile ambacho wahenga walikisema, kwa namna walivyokiandaa: maji ya gome kwa tumbo, kwa homa, kwa kifua, pamoja na kiwango ambacho dawa hugeuka sumu. Mkulima wa milimani apande muiri. Na mwanamume anayesumbuka na mkojo aende hospitali kupimwa kwanza, kwa kuwa saratani ya tezi dume inaweza kuanza kwa dalili hizo hizo, na hakuna jaribio lililoonyesha kuwa gome hili huitibu.